Mpirani Inauzwa

Jumatatu, 4 Juni 1951

Nimekamua kabla jua halijatoka. Mawingu katoa maziwa mazuri. Kipara kanipiga teke, kawaida yake. Mzee Mbonde, mchungaji wetu, bado anakohoa. Nimempa tangawizi, kaitia mfukoni. Ng'ombe anawatibu, mwenyewe dawa hataki.

Mchana mdogo wangu Mbarak kanisomea tangazo alilopeleka Lindi. "Nyumba ya kale ya mawe, imetengenezwa upya. Shamba la ng'ombe wa maziwa. Kisima. Hewa safi. Njia ya lori." Njia ya lori! Masika hii hata baiskeli ya mwalimu ilibebwa begani. Nikamwuliza mbona hakuandika nani kaitengeneza nyumba. Akacheka. Eti mnunuzi hanunui fundi.

Haya.

Baba alipofariki, Mbarak alipata mafungu mawili, mimi moja. Ndiyo sheria ya Mungu, sibishani nayo. Nabishana na Mbarak. Miaka yote alikuwa Dar es Salaam na biashara zake. Mpirani, nyumba yetu hii, ilipokuwa gofu, mkuyu umeota ukutani na popo wamejaa, hakuitaka. Sasa ina dari na milango, anataka kuigeuza basi la abiria. Mimi nikakae kwake Kariakoo, chumba cha uani. Bila idhini yangu hawezi kuuza shamba lote. Lakini idhini nilishatoa, mwezi wa Rajabu, homa imenishika natetemeka. Siku ile ningekubali hata kuuzwa mimi. Neno limetoka mbele ya imamu, sasa nitalirudishaje?

Nimechukia. Nalala.

Alhamisi, 7 Juni

Mfungo wa kwanza. Kichwa kinauma. Ni kahawa tu inanitafuta.

Alasiri nimetoka na ndoo. Katika kazi zote za Mpirani hii ndiyo naipenda. Ramadhani nzima kila nyumba ya kijiji inapata kata moja ya maziwa ya kufuturia. Penye mgonjwa au mzazi, kata mbili. Alianza marehemu mama. Sababu hakuitaja, lakini naijua. Babu mkubwa aliyeijenga nyumba hii alifanya biashara ya sandarusi na pembe, na biashara nyingine ambayo kwetu haitajwi. Mama alisema tu kwamba watu hawa wana haki yao kwetu.

Na wao wanatutendea. Kufuga ng'ombe huku si mchezo. Mbung'o wanakaa vichakani. Wakimwuma ng'ombe, anakonda mpaka anakufa. Mashamba ya jirani hayana hata ndama. Sisi zizi limejaa, kwa sababu kila nyumba ya kijiji ina kipande chake cha mpaka wetu, inakifyeka mwaka mzima. Kisha baada ya Idd wanakuja wote pamoja na mundu na panga, wanasafisha duara zima la shamba mpaka jua linagonga chini. Hatujapata kuwalipa hata siku moja. Wala hawajapata kununua maziwa.

Bi Somoe, jirani wa kwanza ukitoka kwetu, kanirudishia kibuyu cha juzi, ndani ndizi mbili. Chombo cha maziwa hakirudi kitupu, ndiyo adabu ya hapa. Nimefuturu kwa ndizi zile. Tamu.

Jumapili, 10 Juni

Mnunuzi kaja. Bwana Salehe, mfanyabiashara wa ngozi wa Lindi. Na mkewe, Bi Rukia. Nilikusudia kuwachukia wote wawili. Nimeweza nusu.

Bwana Salehe hasemi, anachungulia. Kachungulia midomo ya ng'ombe, kwato, kisima, chini ya ngazi. Mbarak nyuma yake anasifu. Anasifu vitu asivyovijua. Kasema boriti za dari zimetoka Unguja. Uongo mtupu. Zimetoka Rufiji, mikoko ya kule, na marehemu mume wangu alizifuata mwenyewe akarudi ana homa ya wiki tatu.

Bi Rukia alitufuata nyuma mpaka tulipofika chumba cha juu. Akaweka kiganja ukutani. Akakiacha pale pale. Akauliza ukuta huu nani kaupiga chokaa. Nikasema ni mimi. Akanitazama mikono.

Basi nikamwonyesha yote. Sikukusudia, mdomo ulinitoka tu. Nikamweleza tulivyochoma matumbawe ufukoni Kivinje, chokaa tukaifukia shimoni masika mbili mpaka ikawa laini kama mtindi. Wenye haraka wanaitumia wiki ile ile, ndiyo maana kuta zao zinabambuka. Nikamwonyesha zidaka za sebuleni, vishubaka vya ukutani, kila kimoja na ua lake, hakuna viwili vinavyofanana, na vile vilivyokuwa vimevunjika nilivichonga upya kwa kisu cha jikoni. Nikamwonyesha sakafu. Sakafu ile ilipigiliwa na wanawake wa kijiji, wamesimama mstari mmoja na vibao vyao, wanapiga wanaimba. Bi Somoe ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Kila ubeti alimtukana mume wa mtu. Waume walikaa nje wanasikiliza zamu zao.

Halafu mlango. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza mlango wetu wa nakshi ulipotea. Nusu yake tuliikuta Kiranjeranje, meza ya mchinja nyama. Nusu nyingine Njinjo, bibi mmoja kaifanya kitanda. Yule bibi hakutaka kitu ila kitanda kingine. Mchinja nyama alitusumbua sana. Tuliisugua kwa majivu na ndimu mpaka harufu ikatoka. Makovu ya kisu bado yapo kwenye nakshi, chini kushoto. Nimeyaacha makusudi. Nayapenda.

Bi Rukia kayapitishia kidole. Kisha kaniuliza usiku taa inatundikwa wapi.

Swali hilo limeniuma. Mtu haulizi pa kutundika taa kama hajajiona amekaa.

Nyumba hii nzuri. Sijapata kuiandika hivyo, nilikuwa na kazi nayo. Ukuta wa mashariki unapopigwa na jua la asubuhi unakuwa na rangi ya siagi. Vyumba vya chini baridi hata Januari. Sauti ya ng'ombe inaingia dirishani, sauti ya watu haiingii. Nzuri mno, na mimi ndiye niliyeisifia mbele ya mnunuzi.

Jumatano, 13 Juni

Nina hasira, kalamu inachana karatasi.

Bwana Salehe kasema atarudi baada ya Idd na jibu. Kabla ya kupanda lori aliuliza shamba linatoa samli kiasi gani. Mbarak kashika hilo tu. Leo katoa amri: maziwa hayatoki tena. Yote yasukwe samli, stoo ijae madebe, mnunuzi akirudi aone mali.

Nikamwambia huu ni mwezi wa Ramadhani, watu wanangoja. Akasema ni mwezi mmoja tu, wataelewa, kwani ni deni? Nikamwambia habari ya mpaka na vichaka. Akasema dada, majani yatafyekwa, majani si madini.

Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Nimefunga, nimechoka, na mafungu yake ni mawili. Hizo ndizo sababu, hakuna hata moja nzuri.

Alasiri nimekaa barazani sina ndoo mkononi. Watu wamepita wamenisalimu vizuri. Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo baya.

Jumamosi, 16 Juni

Bi Somoe kaja. Kaleta vibuyu vya Mpirani, vya nyumba yake na vya nyumba zote za upande wake, amevitunga kwenye fimbo. Vimeoshwa, vimekaushwa, vimefukizwa moshi vizuri. Vyote vitupu.

"Tumeona mtavihitaji," kasema.

Kaniuliza habari ya mguu wangu. Kamuulizia Mzee Mbonde kikohozi chake. Kaaga, kaenda zake. Adabu tupu. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Nikamwonyesha Mbarak vibuyu. Akavihesabu, akafurahi. Eti kumbe watu wa huku ni waaminifu, hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Nilicheka. Nimefunga, lakini nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaenda kulia kweli, bandani.

Jumanne, 26 Juni

Kusuka maziwa, kuchemsha samli, kusuka tena. Mkono wa kulia haunyooki. Nyumba nzima inanuka samli. Mbarak anapita stoo kila saa, anagonga madebe kwa kidole.

Nimetembea mpakani. Kipande cha Bi Somoe hakijafyekwa. Cha jirani yake pia. Hawakufanya ubaya wowote, wameacha tu. Mvua za mwisho zimefanya yaliyobaki. Upupu umepanda juu ya michongoma, chini kiza. Nimempiga mbung'o shingoni mwa Kipara, damu imenitapakaa kiganjani. Huyu ndiye wa kwanza tangu mume wangu yu hai.

Mzee Mbonde anachoma mavi makavu zizini asubuhi na jioni, moshi uwafukuze. Anakohoa yeye kuliko mbung'o.

Nimemwambia Mbarak. Kasema nisiwe na wasiwasi. Mtu asiyejua ng'ombe hana wasiwasi, bahati yake.

Jumamosi, 7 Julai

Idd. Nimevaa kanga mpya. Msikitini watu wamenipa mkono wa Idd, wote, hakuna aliyenipita. Kila mwaka baada ya sala wanakuja kwetu kula pilau. Nilipika sufuria kubwa la harusi.

Kaja imamu. Kala kidogo, kaomba dua, kaondoka macho chini.

Pilau tumekula mimi, Mbarak, Mzee Mbonde na paka. Mbarak kauliza mbona wageni hawaji. Nimemjazia sahani nyingine.

Jumatano, 11 Julai

Leo ndiyo siku ya kufyeka. Miaka yote ni siku ya nne baada ya Idd, haitangazwi, kila mtu anajua.

Nimeamka mapema nikapika uji wa tangawizi, nikachemsha kahawa, nikapanga vikombe barazani. Nikanoa mapanga ya akiba. Jua likatoka. Ukuta wa mashariki ukageuka rangi yake. Nikasubiri.

Hakuja mtu. Hata mmoja.

Uji ukaganda. Tumewapa kuku.

Mbarak kapanda baiskeli kwenda Kiranjeranje kutafuta vibarua. Karudi jioni peke yake. Wengi wako kwenye mavuno ya mtama. Na wale aliowapata walimwuliza, kwani bwana, kwenu hakuna watu? Nilimwona uso. Nikamhurumia kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 13 Julai

Mawingu anaumwa.

Macho yanatoa machozi, manyoya yamesimama, majani anayanusa tu. Mzee Mbonde kampapasa chini ya taya, kanitazama, katikisa kichwa. Bwana mifugo kaletwa na pikipiki kutoka Kivinje. Kampiga sindano. Kasema ni mbung'o, kama tulivyojua. Kisha kaonyesha vichaka kwa mkono. Kasema hivi vikibaki, safari nyingine msiniite mimi, mwiteni mchinja nyama.

Nakaa chumba cha juu naandika haya. Lazima niyaandike, kwa sababu nimeyawaza, na nikiyaacha kichwani yatajifanya mazuri.

Bwana Salehe anarudi Jumatatu. Akiona vichaka hivi na ng'ombe mgonjwa, atapanda lori lake bila kunywa hata maji. Lindi nzima itajua. Mnunuzi mwingine hatakuja. Mbarak atachoka, atarudi Dar es Salaam. Nyumba itabaki yangu. Dari, zidaka, mlango na makovu yake. Sitakwenda Kariakoo. Sitavunja neno nililotoa mbele ya imamu. Natakiwa jambo moja tu: nikae kimya. Na kukaa kimya nimeshazoea mwezi mzima.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikaenda mpaka kwenye dirisha nikashika kizingiti kama mwenye nyumba.

Chini zizini Mawingu akakoroma. Nikashuka. Nikamshika sikio, lina moto. Ndama wake amejibanza naye, anatafuta maziwa ambayo hayapo. Baada ya Mawingu ni Kipara, baada ya Kipara ni wote. Nikishinda hivyo nitakaa kwenye nyumba nzuri nikisikiliza zizi tupu. Mama hakuwa na dari, mvua ilimnyeshea kitandani, lakini zizi lake halikuwahi kuwa tupu.

Kesho nakwenda kijijini kuomba radhi, mpaka ufyekwe. Naiuza nyumba kwa miguu yangu mwenyewe. Nimejua hilo nikaandika hapa ili asubuhi nisijidai nimesahau.

Jumamosi, 14 Julai

Asubuhi nimefungua stoo nikaanza kutoa madebe ya samli. Mbarak kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Nikamwambia, "Nipishe, Mbarak. Au nipige, kisha unipishe."

Kanipisha. Baadaye alibeba debe moja yeye mwenyewe. Sikumwomba. Alilibeba begani na kanzu yake nyeupe, samli ikamchirizika mgongoni.

Tumeanzia nyumba ya mwisho, kwa sababu Bi Somoe nilimwogopa. Kila nyumba nimesema maneno yale yale: tumekosa, nimekuja kuomba radhi, hii samli ni maziwa yenu ya Ramadhani, mlicheleweshewa tu. Wengine wamepokea wakacheka, wakasema Bi Zuhura bwana, ingia ukae. Wengine wamepokea kimya. Mzee mmoja alimtazama Mbarak muda mrefu, akamwuliza wewe ndiye yule uliyekuwa ukiiba mihogo yangu? Mbarak akasema ndiye, shikamoo. Mzee akasema marahaba, umekua hujakua.

Bi Somoe katuacha tusimame juani. Anapepeta mchele, anapepeta, mchele umeshakuwa safi bado anapepeta.

Mwisho kasema, "Mama yako alikuwa anakuja mwenyewe hata akiwa na homa."

Nikasema najua.

Kapokea samli. Kapokea na kibuyu. Hakusema kama watakuja, nami sikuuliza. Ningeuliza ningekuwa nimekwenda kununua.

Jumatatu, 16 Julai

Nimeamshwa na panga. Nikadhani naota. La pili, la tatu, kisha mengi, na sauti ya Bi Somoe inamtukana mume wa mtu kwa wimbo.

Wamekuja wote. Hata yule mzee wa mihogo, kaketi kwenye kiti anaelekeza. Wanaume mbele wanakata miti, wanawake nyuma wanafyeka chini na kukokota, mstari umepinda kufuata mpaka, hakuna anayepangwa, kila mtu anajua kipande chake kinapoanzia. Upupu wanaushika kwa majani ya mgomba wasiwashwe. Miongo yote hii nimekuwa jikoni siku ya kufyeka. Leo uji nimemwachia Mbarak, nikasimama nikawatazama. Sijaona jambo zuri kama hili. Nyumba yangu si kitu mbele yake, na nyumba yangu naijua ilivyo nzuri.

Katikati ya kazi lori la Bwana Salehe likafika. Mbarak kamkimbilia, mwiko bado mkononi. Kazoea. Kasema karibu bwana, hawa ni vibarua wangu.

Bwana Salehe kampita. Kamwendea Bi Somoe, kamwuliza kwa adabu wanalipwa nini kwa siku.

Bi Somoe kaegemea panga lake. "Hatulipwi, bwana. Tunakunywa."

Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Bwana Salehe kanigeukia mimi. Mbarak ananikonyeza nyuma yake, jicho litatoka. Nikamweleza yote. Maziwa, mpaka, mbung'o, mwezi ulivyokwenda. Nikampeleka kwa Mawingu, nikamwambia huyu ana ugonjwa, sindano amepata, sijui kama atapona. Nikamwambia na stoo haina samli, imerudi kwa wenyewe.

Bwana Salehe kasikiliza hadi mwisho. Kazunguka mpaka wote kwa miguu, na viatu vyake vya mjini. Karudi kanzu imejaa mbegu za majani. Bi Rukia alikuwa ameshavua buibui, amefunga kanga, anagawa uji.

Jumanne, 17 Julai

Wamelala kwetu. Baada ya chai Bwana Salehe katuita barazani, kamwita na imamu.

Kasema hataki kununua lote. Anataka mafungu mawili ya Mbarak. Langu libaki langu, nikae humu humu, nishike ng'ombe na maziwa kama nilivyoshika. Mbarak kashtuka, kasema lakini dada alishakubali kuuza.

"Nyumba naweza kuinunua," Bwana Salehe kamwambia. "Wale wa jana siwezi kuwanunua. Wakimkosa huyu, mimi sina ng'ombe."

Mbarak kahesabu kwa vidole. Basi lake litakuwa dogo kuliko alivyotaka. Kisha kasema sawa. Kaniambia pembeni, dada, kumbe wewe ndiye ungetajwa kwenye tangazo. Nikamwambia amechelewa, na tangazo linalipiwa kila neno. Tumecheka. Mdogo wangu huyu, basi tu.

Imamu kauliza fungu langu nalitaka upande gani. Wote walidhani nitataja chumba cha juu, au sebule yenye zidaka. Bi Rukia alikuwa anatazama chini, anakitamani chumba kile, naijua sura hiyo. Nikasema nataka banda la maziwa, ua wa jikoni, kisima, na chumba cha chini kinachotazama zizi.

Imamu kanikumbusha mlango wa nakshi. Nikasema mlango una mwenyewe, atakayeufungua na kuufunga. Mimi napitia uani.

Nilisema kwa ujasiri. Sasa naandika chumba cha juu na nyaraka zangu chache zimefungwa kwenye kitambaa. Chokaa ile nimeipaka kwa mikono hii. Lakini si Kariakoo. Si Kariakoo, alhamdulillahi.

Jumapili, 5 Agosti

Nimekamua. Kipara kanikosa leo, nimejifunza kuruka. Mawingu anakula tena. Kakonda, mbavu unazihesabu, maziwa bado hana. Nampa pumba zaidi ya wenzake, Mzee Mbonde anajifanya haoni.

Mbarak kaenda zake Alhamisi. Kaacha kanzu yenye doa la samli, haitoki. Nimeikata matambaa ya kuchujia maziwa.

Chumba cha chini kina baridi nzuri. Nasikia ng'ombe wakicheua. Juu nasikia hatua za Bi Rukia, anahamisha vitu, hajaamua kitanda kikae wapi. Taa kaitundika dirisha la mashariki. Ningeitundika pale pale.

Kuna mzazi nyumba ya tatu, kajifungua jana. Mguu umeniuma, nikamwambia Bi Rukia apeleke maziwa yeye, kata mbili. Kaogopa. Kaniuliza akifika aseme nini. Nikamwambia asalimu tu.

Kakawia. Nikaanza kuchungulia njiani.

Karudi magharibi, vumbi mpaka magotini, kapitia uani kwangu, si mlango mkubwa. Kaniwekea kibuyu mbele. Anatabasamu. Ndani kulikuwa na kunde, zimejaa mpaka shingoni.

Nimezimwaga kwenye ungo. Tumekaa tukachambua.